Upara na Operesheni ya Kupanda Nywele: Nani Aende, na Wakati Gani?



Kwa kawaida ukurasa huu unasema juu ya mavumbi, malaria, maumivu ya mgongo na vidole vinavyobanwa na mashini. Leo tunasema juu ya nywele. Wengine watacheka. Lakini tangu simu zenye picha zilipoingia katika kila nyumba, maulizo juu ya nywele yanafika dispansari mara nyingi sawa na maulizo juu ya meno. Watu wanaona picha zinazotoka Istanbul, katika nchi ya Uturuki: upande wa kushoto mtu mwenye upara, upande wa kuume mtu yule yule na kichwa kimejaa nywele. Chini ya picha kuna bei na namba ya simu. Kijana anahesabu mushahara wake, anahesabu siku zake za konje, kisha anakuja kuuliza kama aende.

Nitatoa jibu langu tangu mwanzo. Kwa wengi wanaouliza jibu ni «bado». Kwa wengine ni «hapana kabisa», kwa sababu ugonjwa wao si ule unaotengenezwa na operesheni. Kwa wachache ni «ndiyo, lakini panga konje yako vizuri». Sasa tuone sababu.

Operesheni hii inahamisha, haizai

Jambo la kwanza ambalo kila mtu anapashwa kulifahamu ni hili: munganga hatengenezi nywele mpya. Anatoa mizizi ya nywele nyuma ya kichwa na pembeni, juu ya masikio, anaipanda mbele au utosini. Hesabu ya nywele za kichwa chote haiongezeki hata kwa unywele mmoja.

Watu wa Kaniama wanajua kulima, kwa hiyo watanielewa. Ukiwa na kitalu kidogo cha miche ya kabichi, unang'oa miche, unaipeleka shambani. Shamba linapendeza, kitalu kinabaki wazi. Tofauti ni kwamba katika kitalu cha kabichi unaweza kumwaga mbegu tena, lakini katika kitalu cha kichwa hakuna mbegu nyingine. Kwa watu wengi mizizi inayoweza kutolewa nyuma ya kichwa katika maisha yote, bila kuharibu sura ya nyuma, ni elfu chache tu, na operesheni moja inaweza kula 2,000 au zaidi. Anayetumia kitalu chote akiwa na miaka 24 atafanya nini akiwa na miaka 40?

Juu ya nini nywele za nyuma zinakubali kuishi mahali ambapo za kwanza zilikufa? Munganga mmoja wa Japani, Shoji Okuda, aliandika mwaka 1939 namna alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwa watu walioungua au kupata makovu. Vita vilikuja, na kazi yake haikujulikana sana nje ya Japani. Kisha Norman Orentreich, munganga wa ngozi wa New York, alianza kuifanya kwa watu wenye upara mwaka 1952, na mwaka 1959 akaeleza sababu: unywele unafuata tabia ya mahali ulipotoka, haufuati tabia ya mahali ulipopandwa. Nywele za nyuma ya kichwa hazisumbuliwi na upara, na hata zikihamishwa mbele zinaendelea kukua.

Siku zile walipanda vipande vikubwa, na kichwa kilionekana kama mswaki. Leo kuna njia mbili. Njia ya kwanza: munganga anakata mkanda mwembamba wa ngozi nyuma ya kichwa, anashona, kisha wasaidizi wanagawa mkanda ule katika vipande vidogo vidogo chini ya kioo cha kukuza. Inaacha kovu moja refu. Njia ya pili: wanatoa mzizi mmoja mmoja kwa kisu kidogo cha mviringo chenye upana usiozidi milimita 1 hivi. Inaacha makovu mengi madogo kama nukta. Atakayewaambia kwamba njia yake haiachi kovu lolote anauza bidhaa. Penye kisu pana kovu.

Kaske haileti upara

Hili nalirudia kwa sababu ni hatari kuliko upara wenyewe. Kuna wafanyakazi wanaofikiri kwamba kofia ngumu ya kazi, ile kaske, inakula nywele zao kwa joto na kwa kukosa hewa. Mtu anailegeza, anaiweka nyuma ya kichwa, anaivua akiona msimamizi amegeuka. Ndugu, jiwe halingoji msimamizi ageuke.

Upara wa kawaida wa wanaume unatoka kwa damu ya ukoo na kwa homoni za kiume. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Lakini wakipewa homoni ya kiume, wale wenye upara katika ukoo wao wanaanza kuupata. Homoni ile inageuka kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo inafanya mizizi ya mbele na ya utosini iwe midogo mwaka kwa mwaka, mpaka unywele unakuwa kama manyoya ya kifaranga. Urithi unaweza kutoka upande wa baba au upande wa mama. Usimwangalie mjomba peke yake.

Kaske inayobana inaweza kusugua ngozi na kuvunja nywele pale mkanda unapogusa, na hiyo inaonekana kama mstari kuzunguka kichwa, si utosini. Dawa yake ni kurekebisha mkanda. Kaske ya kuazimana inaweza kupitisha chawa na ugonjwa wa ukungu wa ngozi. Dawa yake ni kila mtu kuwa na yake, na kuosha mkanda wa ndani kwa maji na sabuni. Hakuna ugonjwa wa nywele ambao dawa yake ni kuvua kaske mahali pa kazi.

Kwanza tujue nywele zinaanguka kwa ugonjwa gani

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa bure. Nywele zinaanguka kwa sababu nyingi, na nyingine zinapona zenyewe au kwa dawa ya bei ndogo. Kila mtu mzima anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, na hilo si ugonjwa.

Mtu aliyepata homa kali, malaria nzito au homa ya tumbo, anaweza kuona nywele zikianguka kwa wingi miezi 2 au 3 baadaye, wakati amekwisha kusahau homa. Mama aliyezaa anaweza kuona hivyo hivyo mtoto akiwa na miezi 3 au 4. Anaogopa, anasema amerogwa au nyonyo la mtoto linamnyonya nywele. Hapana. Mizizi imepumzika kwa pamoja, na itaamka. Kwa kawaida nywele zinarudi kabla mtoto hajafikisha mwaka. Mama aliyepungukiwa damu anapashwa kupimwa na kupewa vidonge vya chuma.

Kaswende inaweza kuangusha nywele katika madoa madogo madogo, kichwa kikawa kama kitambaa kilicholiwa na wadudu. Yule aliyepanga kwenda Istanbul na madoa kama hayo apime damu kwanza. Sindano za penisilini zinaponya, nywele zinarudi, na bibi yake anapashwa kutibiwa vilevile. Afadhali aibu ya siku moja kwa muuguzi kuliko ugonjwa huo kumfikia mtoto tumboni.

Kuna wale wanaoamka na doa la mviringo lisilo na unywele, laini, lenye ukubwa wa franga ya zamani. Huo ni ugonjwa ambao askari wa mwili wenyewe wanashambulia mizizi. Mara nyingi nywele zinarudi, mara nyingine zinaanguka tena mahali pengine. Kupanda nywele juu ya ugonjwa huo ukiwa bado mkali ni kupanda miche mbele ya mbuzi.

Kwa watoto, doa lenye magamba na nywele zilizovunjika ni ugonjwa wa ukungu, ambao wengi wanauita mapunye. Unapita kwa mashini ya kinyozi isiyosafishwa, kwa kitana, kwa mto wa kulalia. Pomada peke yake haiuponyi, kwa sababu ukungu umeingia ndani ya unywele. Mtoto anapashwa kumeza dawa kwa majuma kadhaa, mara nyingi 6 mpaka 8. Na mama akiona nywele za mtoto zimekuwa nyekundu, nyembamba, zinang'oka bila kuuma, na miguu imevimba, asingoje kesho. Hiyo ni kwashiorkor. Mtoto yule anakula bukari tupu. Alete mtoto, na baada ya matibabu chakula kiwe na maharagwe, karanga, ndakala, yai likipatikana.

Wamama na mabinti, ninyi mna ugonjwa wenu wa upara, na mara nyingi mikono yetu wenyewe inauleta. Nywele zinazosukwa kwa kubana, meshi nzito, mkia unaovutwa nyuma: mizizi ya pembeni ya uso inavutwa kila siku mpaka inakata tamaa. Huko Cape Town, Afrika Kusini, Munganga Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipima vichwa vya wanafunzi na vya watu wazima. Katika uchunguzi waliotangaza mwaka 2007 waliona ugonjwa huo kwa wanawake karibu 1 kati ya 3, na kwa wasichana wa shule karibu 17 kwa 100. Mwanzoni unapona: fungua misuko, acha kubana, ngoja miezi. Baada ya miaka mingi mizizi inakufa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo tu ndipo operesheni inaweza kufikiriwa. Ikiwa binti anasema kichwa kinauma usiku baada ya kusukwa, anasema kweli. Fungua.

Kuna tena ugonjwa unaoanza utosini kwa wanawake weusi na kupanuka kama duara, ukiacha kovu. Mwaka 2019 wachunguzi walionyesha kwamba kwa baadhi ya wanawake hao kuna kasoro ya urithi katika kitu kinachoujenga unywele, kwa hiyo tusiwalaumu wote kwa dawa ya kunyoosha nywele. Ugonjwa huu unahitaji munganga wa ngozi mapema. Kupanda nywele juu yake kabla haujatulia ni kutupa pesa.

Nywele zetu na kisu

Picha nyingi za kwenye simu ni za watu wenye nywele zilizonyooka. Nywele zetu ni nyingine. Unywele wetu umejikunja juu ya ngozi, na chini ya ngozi mzizi wake umepinda vilevile, kama herufi C. Fundi anayepeleka kisu chake moja kwa moja, kama alivyozoea kwa nywele zilizonyooka, anaukata mzizi katikati. Mzizi uliokatwa unaweza kufa, na mwenye kichwa hataona chochote mpaka mwaka upite. Ndiyo sababu swali la kwanza kwa kliniki yoyote si bei. Ni hili: «Mmefanya vichwa vingapi vya watu weusi, na naweza kuona picha zao baada ya mwaka 1?»

Kuna upande mzuri, na ni haki kuusema: kwa sababu nywele zetu zimejikunja, nywele chache zinafunika mahali pakubwa. Fundi mzuri anaweza kupata sura nzuri kwa mizizi michache.

Upande mbaya mwingine ni makovu yanayoota, keloidi. Watu weusi wanayapata kuliko wengine. Angalia mwili wako: pale ulipotobolewa sikio, pale ulipochanjwa, pale ulipokatwa na bati. Je, kovu limetulia, au limekua kama kidole na kuwasha? Ikiwa limekua, mwambie munganga kabla ya yote, na mara nyingi shauri langu litakuwa kuacha. Wale wenye vipele sugu kwenye kisogo, vile vinavyokuja baada ya kunyolewa karibu sana na kuwa vigumu kama mbegu, wajue kwamba hapo ndipo mizizi inapotolewa. Vitibiwe kwanza.

Umri na dawa

Sasa tuseme umepimwa, na ni upara wa kawaida wa ukoo. Uende sasa?

Kijana wa miaka 22 anaona nywele zimerudi nyuma kidogo pande mbili za uso. Anataka mstari wake wa miaka 16. Akikuta fundi mwenye njaa, atachorewa mstari ule na kupandiwa. Nywele zilizopandwa zitabaki, lakini nyuma yake upara utaendelea na safari yake, maana operesheni haiusimamishi. Akiwa na miaka 35 atakuwa na ukanda wa nywele mbele, uwanja mtupu katikati, na kitalu kimekwisha. Waganga wengi waangalifu hawapendi kupanda kwa mtu aliye chini ya miaka 25, na wengine wanangoja zaidi, mpaka waone upara unakwenda wapi. Ukitaka kujua wako utakwenda wapi, tazama vichwa vya baba, wajomba na kaka.

Wakati wa kungoja kuna dawa mbili zenye ushuhuda. Minoksidili ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza waliota nywele mwilini, ndipo ikageuzwa kuwa maji ya kupaka, yakakubaliwa Marekani mwaka 1988. Wanaume na wanawake wanaweza kuipaka, lakini mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiitumie. Mwanzoni inaweza kuangusha nywele kidogo, watu wanaogopa na kuacha. Inataka miezi 4 mpaka 6 kabla ya kuhukumiwa, na ukiiacha, faida yake inapotea baada ya miezi michache. Finasteridi ni kidonge cha wanaume, kilikubaliwa kwa upara Marekani mwaka 1997, miligramu 1 kwa siku. Inapunguza ile homoni yenye nguvu. Kwa wanaume wachache inapunguza hamu ya kulala na bibi, na wengine moyo wao unakuwa na huzuni. Asiyeambiwa hayo hakuambiwa yote. Mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kudhuru viungo vya mtoto wa kiume tumboni. Na mzee anayepimwa damu juu ya tezi la kiume amwambie munganga kwamba anakimeza, maana kinashusha hesabu ya kipimo karibu nusu.

Dawa hizi zinatunza nywele zilizopo; nywele zilizokufa zamani hazizifufui. Mtu mwenye upara wa miaka 20 asitumie mushahara wake huko. Na mafuta ya muujiza yanayouzwa sokoni ndani ya chupa isiyo na jina wala tarehe, hata kama muuzaji mwenyewe ana nywele mpaka mabegani, tuachane nayo.

Mtu aliyejaribu dawa kwa mwaka 1, upara wake umetulia, umri wake umepita 30, kitalu chake cha nyuma ni kizuri, hana keloidi, na pesa si ya shule ya watoto: huyo ndiye ninayeweza kumwambia «ndiyo».

Kazi yetu na siku baada ya operesheni

Matangazo hayasemi lolote juu ya mtu anayevaa kaske saa 8 kwa siku. Tuhesabu wenyewe.

Mizizi iliyopandwa inashikilia ngozi polepole. Siku 10 za kwanza, hata 14, kitu kinachosugua kichwa kinaweza kuing'oa. Kati ya siku ya 3 na ya 5 uso unaweza kuvimba mpaka macho yakafunga. Mgonjwa analala kichwa kikiwa juu, haoshi kwa nguvu, hainui mizigo, hakai juani, hakai katika mavumbi. Kuvaa kaske, kutoa jasho ndani yake, na kazi nzito, waganga wengi wanakataza kwa majuma 3 au 4. Mwenye kurudi kazini siku ya 10 ana njia mbili tu: avae kaske aharibu operesheni, au aivue aweke maisha yake mikononi mwa jiwe. Njia hiyo ya pili hairuhusiwi hata saa moja, na hakuna karatasi ya dispansari itakayoiruhusu.

Kwa hiyo operesheni ifanywe mwanzoni mwa konje ndefu, si mwishoni. Ongeza siku za safari. Kutoka Kaniama, gari la moshi la kwenda Kamina na Lubumbashi halifuati saa ya kliniki ya Istanbul, na barabara ni mavumbi au matope kufuatana na majira. Mtu aliye na kidonda cha mizizi 2,000 kichwani hapashwi kusafiri juu ya lori.

Baada ya majuma 2 mpaka 6 nywele zilizopandwa zinaanguka, karibu zote. Usilie, wala usimpigie fundi simu ya matusi: mzizi umebaki chini. Zinaanza kuota mwezi wa 3 au wa 4, na sura ya mwisho inaonekana baada ya miezi 12, kwa wengine 18. Anayepandwa mwezi wa 10 ili apendeze siku ya ndoa yake mwezi wa 12 atakwenda kanisani na upara na makovu.

Nani anashika kisu?

Watu wanaiita operesheni ndogo kwa sababu mgonjwa halali usingizi. Lakini kichwa kinachomwa sindano nyingi za dawa ya ganzi, na dawa hiyo ikizidi kipimo inasumbua ubongo na moyo. Kipimo kinafuata uzito wa mtu. Lignokaini iliyochanganywa na adrenalini haipashwi kuzidi miligramu 7 kwa kila kilo 1; mtu wa kilo 60 hapashwi kupita 420. Asiyejua hesabu hiyo asishike sindano.

Mwezi wa 3 mwaka 2019, huko Mumbai, India, mfanyabiashara wa miaka 43 alipandwa mizizi zaidi ya 9,000 katika kikao kimoja kirefu, akafa baada ya siku chache. Katika mji wa Kanpur, nchini India vilevile, watu wawili walikufa baada ya operesheni ya nywele, mmoja mwezi wa 11 mwaka 2024, mwingine mwezi wa 3 mwaka 2025, na polisi wakafungua mashtaka dhidi ya mtu aliyesomea meno. Vifo ni vichache ukilinganisha na wingi wa wanaopandwa. Lakini wale watu walikuwa wazima, walikwenda kutafuta urembo.

Chama cha kimataifa cha waganga wa nywele, kilichoanzishwa mwaka 1993, kinapigana na kliniki ambazo munganga anaonekana kwenye picha tu, na kisu kinashikwa na watu wasio na masomo ya uganga. Kila tarehe 11 mwezi wa 11 waganga wake wanatengeneza bure vichwa vya baadhi ya watu walioharibiwa. Ukitaka kwenda, iwe Nairobi, Afrika Kusini au Uturuki, uliza jina la munganga mwenyewe, uliza ni nani atakayekata na nani atakayechoma ganzi, uliza kama kuna oksijeni na dawa za mshtuko chumbani. Kisha uliza swali letu la Kaniama: damu ikitoka au usaha ukianza nikiwa nimerudi nyumbani, nani atanitazama? Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au anayemeza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, apimwe hapa kabla ya kulipa hata franga moja.

Juu ya pesa: bei za Uturuki mara nyingi ni kati ya dola 2,000 na 4,000, bila paspoti, viza na ndege. Hii ni shauri la nyumba, si la bwana peke yake. Wamama, msimcheke bwana anayejitazama katika kioo. Kuna wanaume wanaoumia kweli. Lakini mnayo haki ya kuuliza pesa inatoka wapi na itarudi lini. Kukopa kwa ajili ya nywele sikushauri.

Wengine nao wanasema upara ni dalili ya mali. Maneno hayo si ya kuchekwa tu. Mwezi wa 6 mwaka 2017, katika Msumbiji, polisi walionya wanaume wenye upara baada ya watu kuuawa katika jimbo la Zambezia, kwa sababu wauaji waliamini kwamba vichwa hivyo vina dhahabu. Sisi tunaofanya kazi ya mawe tunajua dhahabu inakaa wapi. Tuwaambie watoto wetu hivyo, waziwazi.

Wembe

Wengi watachagua kunyoa zote, na ni uchaguzi mzuri, wa bei ndogo. Nyoa kwa wembe wako mwenyewe, ambao hakuna mwingine anayeutumia: homa ya manjano ya ini ya aina ya B na ukimwi vinaweza kupita kwa damu iliyobaki kwenye chuma. Kwa kinyozi, mwambie asafishe mashini kwa dawa mbele yako, na umlipe kwa moyo akifanya hivyo. Kichwa kitupu kinaungua juani. Nje ya kazi vaa kofia ya kawaida.

Anayetaka tumtazame kichwa aje dispansari asubuhi, nje ya zamu yake, na nywele zisizopakwa mafuta. Mama afungue misuko kabla. Leteni dawa zote mnazomeza au kupaka, hata zile za kienyeji, ndani ya chupa zake. Na tangu mwezi huu pigeni picha tatu za kichwa kila tarehe 1, mbele, juu na nyuma, mahali pamoja, mchana, nywele zikiwa na urefu ule ule. Baada ya miezi 6 tutaziweka pamoja mezani.